Siku Nilipoita Mashahidi Badala ya Fromaji

Vijana wangu mnaosoma lugha na kuitamani kazi niliyoifanya mimi, jambo la kwanza ni hili: nendeni haja ndogo kabla mkutano haujaanza. Walimu wenu hawatawaambia. Anayehutubia anaweza kutoka nje, anayesikiliza anaweza kutoka nje, lakini mkalimani akitoka, watu mia wanabaki wanatazamana tu. Mimi nimewahi kutafsiri hotuba nzima ya mtaalamu wa kilimo, kuhusu mbolea, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.

La pili: msile mkiwa kazini. Wakubwa hukaa kimya kutwa nzima, lakini sahani ikishawekwa mbele yako ndipo wanapokumbuka jambo muhimu la kusema.

La tatu nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu karibu lilete vita pale Burungu, na kosa lilikuwa langu.

Jina langu ni Mama Riziki. Sasa nimestaafu, nakaa Kirotshe, nafuga kuku na kuwasumbua wajukuu kwa sarufi. Kwa karibu miaka ishirini niliwatafsiria wageni wa Kiingereza waliokuja Masisi na Walikale kwa mambo ya ng'ombe, mbegu, na maji. Kiingereza nilifundishwa Kitchanga na Papa Gervais, mzee mfupi ambaye zamani alifundisha Kilatini katika seminari. Kilatini kilipoondolewa katika ratiba, yeye alibaki na kamusi nne, sikio moja linalosikia, na hamu ya kula isiyopungua. Ada yake ilikuwa chakula cha mchana. Nilijifunza nyakati za vitenzi vya Kiingereza kwa sombe, yale majani ya muhogo, na maharagwe.

Papa Gervais alinionya tangu wiki ya kwanza. "Riziki," aliniambia, mdomo umejaa, "neno ukiona linafanana na la Kifaransa, ujue njo fasi utaanguka." Yaani, hapo ndipo mahali utakapoanguka.

Nilianguka mapema, tena mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Walikale. Akina mama wa chama kimoja cha wakulima waliandika barua kwa Kifaransa kuomba mbegu za karanga. Kifaransa kikisema "demander", ni kuomba tu, kwa adabu. Kiingereza kikisema "demand", hapo mtu anadai, amekunja ngumi. Mimi sikujua tofauti hiyo. Niliisoma barua kwa Kiingereza mbele ya mgeni, wanane kati yao wakiwapo, kwa sauti ya nguvu: wanadai mbegu, wanadai majembe, wanadai jibu kabla ya mvua. Mgeni akaanza kuwatazama akina mama wale wanane kwa wasiwasi. Wiki iliyofuata walipata magunia mara mbili ya yale waliyoomba.

Mnaona ubaya wake? Kosa langu lilileta karanga. Akina mama wakanipigia makofi, nami nikajiona bingwa. Kosa linalokupa sifa halikufundishi kitu.

Ndiyo maana nilifika Burungu na kichwa kikubwa.

Bosi wangu wakati huo alikuwa Bwana Martin, Mwingereza mrefu, mtaalamu wa maziwa, mpole sana. Kifaransa chake kilikuwa maneno matatu, na mawili kati yake yalikuwa salamu. Alipenda jibini ya Masisi, ile sisi tunayoita fromaji, kuliko alivyopenda kulala. Akapata wazo la kuwakutanisha watengenezaji wa Burungu na vijiji vya karibu: kila mmoja alete fromaji yake, majaji watatu waionje, na mshindi apewe debe la maziwa la chuma kisichoshika kutu, lita ishirini, lenye kifuniko cha kufunga sawasawa. Kwa mfugaji, hicho ni kitu cha kuota usiku.

Aliandika tangazo kwa Kiingereza, kurasa mbili, akanipa ili nilitafsiri kwa Kiswahili, lisomwe makanisani Jumapili. Kichwani pa ukurasa wa kwanza paliandikwa neno moja la herufi saba: contest.

Sikulijua. Lakini macho yangu yaliona "contester" ya Kifaransa, nayo kila mtu huku kwetu anaijua. Ukisema shamba liko na "contestation", hata mtoto anaelewa: kuna watu wawili, mpaka mmoja, na faili kwa chefu wa kijiji. Nilikuwa nimekaa dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mvua inapiga mabati, nikisubiri mashine yake ya fotokopi ipate moto. Mtu huyo alikuwa akinunua bidhaa Kampala kila mwezi na Kiingereza alikijua vizuri. Alichungulia karatasi yangu akauliza, "Mama Riziki, iko sawa?" Nikamjibu, "Iko sawa, Papa." Kumuuliza neno moja kungenichukua muda mfupi kuliko kufungua mwavuli. Sikutaka aone kwamba mkalimani hajui.

Basi nikaandika hivi: kutakuwa na contestation ya wafugaji wa kilima cha Burungu. Kila anayetaka kukontesta afike yeye mwenyewe. Majaji watatu watasikiliza, na uamuzi wao utakuwa wa mwisho.

Na fromaji? Fromaji ilikuwa katika ukurasa wa pili, pamoja na uzito wake na chumvi yake. Niliona hayo ni ya kiufundi, yanawahusu majaji; habari za fromaji nilizisikia kila siku kwa Bwana Martin, nikasahau kwamba watu wa kilima hawajazisikia. Ukurasa wa pili nikaukunja nikautia katika mkoba.

Sasa, lazima mjue kwamba Burungu ilikuwa na ugomvi wake kweli. Papa Bahati na Mama Consolata walikuwa majirani wa malisho. Kati yao palikuwa na kipande cha majani mazuri kando ya kijito, na mstari wa mikaritusi ya zamani. Mume wa Mama Consolata alipofariki, ua wa Papa Bahati ulianza kutembea. Kila baada ya mvua ulikuwa umesogea kidogo, mpaka ukavuka mikaritusi. Mama Consolata alikwenda kwa chefu mara tatu, na mara tatu aliambiwa amtume shemeji yake aje aseme kwa niaba yake. Shemeji mwenyewe alikuwa akinywa pombe kwa Papa Bahati.

Jumapili ile alikaa kanisani, akasikia padri akisoma: afike yeye mwenyewe. Baadaye aliniambia alirudi nyumbani akapiga pasi kitenge chake siku hiyo hiyo, ingawa zilibaki wiki mbili.

Siku ikafika. Bwana Martin aliweka meza tatu uwanjani mbele ya shule, vitambaa vyeupe, visu, na bakuli la maji la kusafishia mdomo. Majaji walikuwa yeye, daktari mmoja wa mifugo, na Papa Gervais, ambaye alikubali kabla sijamaliza kumweleza kazi yenyewe. Hakuwa amekunywa hata chai asubuhi, ili apate nafasi.

Watu wakaanza kushuka kilimani. Bwana Martin akasugua viganja. "Umati wote huu!" akaniambia. "Umefanya kazi nzuri."

Mimi nilianza kuona mambo yasiyoeleweka. Papa Bahati alifika na koti la suti na wazee kumi na wawili nyuma yake. Mmoja alibeba mkoba wa karatasi, mwingine alibeba nguzo ya ua yenye alama ya panga. Nyuma kabisa vijana wanne walibeba tipoyi, kile kiti cha kubebea wagonjwa, na juu yake ameketi Koko Veronika, bibi mzee kuliko watu wote wa kilima kile, amejifunika blanketi. Upande wa pili akaja Mama Consolata na kitenge chake kilichonyooka, ndugu zake, wanawe wawili wakubwa, na shemasi mstaafu mwenye picha ya harusi ndani ya fremu.

Hakuna hata mmoja aliyebeba fromaji.

"Zile bidhaa ziko wapi?" akauliza Bwana Martin.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliukumbuka ukurasa wa pili. Na hapa, vijana wangu, fungueni masikio, kwa sababu hapa ndipo kosa dogo lilipopata mtoto. Mkalimani ni mtu pekee pale anayeelewa pande zote mbili. Akitaka kuficha, hakuna wa kumkamata. Nikafanya uso wa kazi nikamjibu, "Kwetu tunaanza na salamu. Fromaji inakuja baadaye."

Papa Bahati akasimama mbele ya meza, akafunga vifungo vya koti.

"Bazee, bamama, na weye muzungu," akaanza, "mimi Bahati niko naonyesha apa mbele ya bantu bote. Ile majani ya ku kijito, baba yangu njo alikuwa anachunga pale mbele mimi nizaliwe. Ngombe yangu inakula pale, ngombe ya baba ilikula pale. Mashahidi beko apa."

"Anasema nini?" akauliza Bwana Martin.

"Anaeleza majani ambayo ng'ombe wake wanakula," nikasema. Haukuwa uongo. Ndiyo maana jibu hilo lilikuwa baya.

Uso wa Bwana Martin ukang'aa. "Safi sana! Ladha yote ya maziwa inaanza na majani!" Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili, kisha akapiga makofi.

Uwanja ukalipuka. "Muzungu amekubali! Amekata neno!" Wazee kumi na wawili wakapiga miguu chini, mke wa Papa Bahati akapiga vigelegele, na mtu mmoja tayari alikuwa anakimbia na ile nguzo kwenda kuipigilia kijitoni. Bwana Martin alifurahi kuona watu wanafurahi, akazidi kupiga makofi.

Wana wa Mama Consolata walisimama. Walikuwa na fimbo za kuchungia, zile nzito. Vijana wa upande wa pili wakasimama pia. Nafasi iliyokuwa katikati ya uwanja ikaanza kupungua.

Mama Consolata hakuwatazama wanawe. Alinitazama mimi.

"Mama Riziki! Uliza huyu muzungu: juu ya nini anakata neno na mimi hajanisikia? Karatasi ilisema muntu akuye yeye mwenyewe. Nimekuya mimi mwenyewe!"

Kwa miaka yote ya kazi yangu, hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo nisingeweza kulitafsiri, kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo mimi. Nikapanda juu ya benchi la shule lenye mguu uliolegea ili wanione wote.

"Bazee, bamama, munisikie!" nikapiga kelele. "Muzungu hajakata neno. Hajue hata kama iko maneno ya shamba. Mimi njo nilimudanganya sasa hivi, na mimi njo niliandika mubaya ile karatasi. Haikuwa contestation. Ilikuwa concours, mashindano."

Hata yule wa nguzo akasimama.

"Concours?" akauliza Papa Bahati.

"Concours, Papa."

"Ya nini?"

"Ya fromaji."

Akageuka akawatazama wazee wake, akatazama tipoyi, akanirudia mimi. "Koko Veronika ametoka mu kitanda," akasema taratibu, "juu ya fromaji?"

Nikageuka upande wa Bwana Martin, nikamwambia yote kwa Kiingereza: neno, ukurasa wa pili, majani, na kwamba makofi yake yamempa mtu kipande cha ardhi. Sijawahi kuona mzungu akibadilika rangi mara nyingi hivyo kwa dakika moja. Alivua kofia. "Waambie," akasema, "mimi sina haki ya kuamua hata kofia hii ni ya nani. Waambie naomba radhi. Na wewe, ukimaliza, shuka kwenye hilo benchi kabla hujaanguka."

Nikatafsiri kila neno, pamoja na la benchi.

Ndipo nikasikia sauti kama ya mtu anayepaliwa. Papa Gervais alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, ameshika kisu cha fromaji mkononi. Daktari wa mifugo alimpigapiga mgongoni.

"Lakini Riziki hakukosea sana!" akasema alipopata pumzi. Akasimama, na mara akawa tena mwalimu mbele ya darasa. "Musikie. Mu Kilatini, 'testis' iko shahidi. 'Con', iko pamoja. Zamani kule Roma, bantu babili bakigombana, mbele ya kuanza kesi banaita mashahidi bote pamoja: mukuye, muone, musikie. Njo 'contestari'. Bafaransa bakachukua ile neno, bakabaki na ugomvi. Baingereza bakaichukua kwa Bafaransa, bakabaki na ugomvi, na kisha bakaongeza muchezo: bantu banashindana, na wengine banaangalia nani anashinda. Neno moja, kazi mbili. Na nyinyi apa," akaonyesha uwanja kwa kisu, "mumeleta mashahidi, hamukuleta fromaji. Muko Baroma!"

Sidhani kama watu wengi walijali Roma. Lakini walianza kucheka, kwanza akina mama, kisha vijana wenye fimbo. Ni vigumu kumpiga mtu huku unamwona mzee mwenye njaa akitoa somo la Kilatini.

Chefu wa kijiji, ambaye alikuwa amekaa pembeni muda wote akitumaini hakuna atakayemwona, akalazimika kusimama. Akasema jambo la akili, na ninampa heshima yake: mashahidi wa pande zote wamefika siku moja, jambo ambalo yeye hajawahi kulifanikisha kwa mwaka mzima. Basi wasikilizwe, na muzungu atoke kwenye kiti cha jaji. Bwana Martin akaenda kukaa kwenye majani na kofia yake mapajani, nami nikakaa karibu nikimnong'oneza, safari hii bila kukata wala kuongeza.

Mama Consolata alisema kwanza. Alisema kwa muda mrefu, bila kupaza sauti, na alipomtaja shemeji yake, shemeji aliangalia viatu vyake. Kisha Papa Bahati akamwita shahidi wake mkubwa. Vijana wanne waliisogeza tipoyi mpaka katikati.

"Koko," akasema kwa heshima, "waambie ile mikaritusi ni ya nani."

Koko Veronika alitoa mkono ndani ya blanketi. "Ile miti nilipanda mimi," akasema. "Nilikuwa na mimba ya mutoto yangu wa kwanza. Baba yako, na baba ya bwana ya Consolata, balinituma bote babili siku moja. Balisema: panda apa, batoto betu basikuye kupigana. Mupaka njo miti. Ua yako, Bahati, imeruka miti yangu."

Papa Bahati alisogea mbele ya tipoyi. "Lakini Koko! Mimi njo nilikuleta ku upande yangu!"

"Ulinileta, mutoto yangu. Haukuniuliza nitasema nini."

Hata wazee kumi na wawili walicheka. Papa Bahati alifungua koti, akaketi, akajipepea kwa karatasi zake. Akasema ua utarudi nyuma ya miti kabla ya Jumapili, na kweli ulirudi, niliuona mwenyewe. Mama Consolata hakupiga vigelegele. Alikwenda tu akalirekebisha blanketi la Koko Veronika mabegani, akasimama pale kitambo, mkono juu ya kiti.

Tulikuwa tunakunja vitambaa vya meza wakati mtu mmoja mwembamba alipotokea barabarani, jasho linamtoka, kitu cha duara kichwani kimefungwa majani ya mgomba. Alikuwa Janvier, kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kashuga. Alichunga ng'ombe wa watu akilipwa maziwa, na maziwa hayo alikuwa ameyafanya fromaji. Alitembea tangu alfajiri.

"Na wewe, tangazo ulilisoma wapi?" nikamuuliza.

"Sikusoma, Mama. Huyu muzungu alipita kwetu. Alionyesha fromaji, akatafuna, akaonyesha debe. Nikaelewa."

Niliikumbuka siku hiyo. Nilikuwa nyumbani na malaria, na Bwana Martin alikwenda Kashuga bila mkalimani. Mahali pekee nilipokosekana ndipo mahali pekee walipoelewa.

Majaji wakaonja. Daktari wa mifugo alikata kipande kimoja, Bwana Martin viwili, Papa Gervais hakuhesabu. Ilikuwa fromaji nzuri kweli, ngumu kidogo pembeni, laini katikati. Bwana Martin akasimama akatangaza mshindi, nami nikatafsiri kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai. Janvier alilipokea debe kwa mikono miwili, akafungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena ili asikie sauti yake.

Ndipo Papa Bahati aliposimama, akafunga tena vifungo vya koti.

"Mimi nakontesta," akasema.

Kabla sijageuka, Mama Consolata alikuwa amesimama kando yake, bega kwa bega. "Na mimi nakontesta. Fromaji ya Burungu hakuna mwenye ameionja."

Bwana Martin akainama sikioni mwangu. "Wanasema nini?"

"They contest," nikamwambia.

Akakunja uso. Siku ile ilikuwa imemfundisha kitu. "Waulize vizuri," akasema. "Wanapinga, au wanataka kushindana?"

Nikawauliza. Wale wawili wakatazamana, kisha wakanijibu kwa sauti moja:

"Byote mbili!"